Mguu Usio Wake

"Zimeni mtambo! Huyo si Zuwena!"

Hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita, msomaji: sauti ya mzee Sipriani ikivuma juu ya uwanja wa Mitwero, Lindi, na umati mzima ukiwa umeikodolea macho skrini kubwa iliyofungwa nyuma ya goli la netiboli.

Katika skrini hiyo alionekana Bi Zuwena. Alikuwa ndani ya uwanja pepe, ule uwanja usio na udongo wala nyasi, ambamo alasiri hiyo watu wa nchi zaidi ya arobaini walikuwa wamekutana bila hata mmoja wao kutoka kwao. Uso ulikuwa wake. Ushungi wa buluu ulikuwa wake. Filimbi shingoni ilikuwa yake.

Miguu haikuwa yake.

Miguu ya kwenye skrini ilikuwa miwili iliyolingana, myembamba, imenyooka ndani ya suruali ya michezo kama ya msichana. Lakini Zuwena aliyesimama mbele ya watu, amevaa miwani ya mtambo usoni, alikuwa yule yule ajulikanaye na Mitwero yote. Mguu wake wa kulia ulikuwa umevimba kwa matende tangu gotini hadi unyayoni, na upande huo mshono wa suruali ulikuwa umefumuliwa ili mguu upate nafasi.

"Mastura," akaita Bi Zuwena, "mbona Sipriani anapiga kelele?"

Mastura, fundi mkuu wa mitambo ya siku hiyo, alikuwa mezani nyuma ya kompyuta yake.

"Hakuna kitu, Bi Kocha. Tembea tu kuelekea katikati."

Bi Kocha! Ndivyo alivyomwita tangu kipaza sauti kilipowashwa. Asiyejua asingedhani kwamba aliyeitwa hivyo ndiye mama yake mzazi.

Bi Zuwena, ambaye kwa sababu ya miwani aliuona uwanja pepe na hakuiona Mitwero, akapiga hatua.

Kwenye skrini, miguu yote miwili ikainuka pamoja, ikatua pamoja.

Akapiga hatua nyingine. Ikainuka tena pamoja, ikatua tena pamoja. Mwanamke mzima, kocha aliyelea vizazi vya wachezaji, akawa anaruka kama chura aliyenyeshewa, mbele ya dunia.

Watoto waliokaa chini mbele walianza kucheka. Wakafuata vijana. Wakafuata na wale ambao hawakutaka kucheka, wakaficha vinywa kwa mikono.

Sababu Mastura aliijua. Bangili ya kihisi, ile inayouambia mtambo mguu umekwenda wapi, haikuenea kwenye kifundo cha kulia cha mama yake. Hakutafuta njia nyingine ya kuifunga. Aliufunga mguu wa kushoto peke yake, akauamuru mtambo uunakili, na nakala hiyo akaifanya kuwa mguu wa kulia. Mtambo ulitii. Haukuelezwa kwamba binadamu hutembea kwa kupokezana miguu.

"Lindi! Lindi, mnanisikia?" Hiyo ilikuwa sauti ya Veronika, mratibu wa sherehe za kufungua michezo, ikitoka Dar es Salaam na kuingia masikioni mwa Mastura. "Mbona mtu wenu anaruka? Mpira umeshafika Recife, Brazili. Ukitoka huko ni Maputo, kisha ninyi!"

Mpira wenyewe ulikuwa wa nuru tupu. Kila mji ulimchagua mtu mmoja wa kuupokea na kumrushia mwenzake wa ng'ambo, mkono kwa mkono, kuizunguka dunia; ukirudi ulikoanzia, michezo inafunguliwa. Mji usiokuwa tayari unarukwa, na jina lake linabaki jeusi kwenye ramani.

"Dakika moja," akasema Mastura.

"Dakika sina, dada yangu. Nina sekunde."

Wakati huo huo Bi Zuwena akainamisha kichwa.

Ndani ya miwani, mtu akitazama chini huona mwili wake. Bi Zuwena akatazama chini. Akabaki hivyo, ameinama, hasogei. Kicheko cha umati kikapungua, kikakatika vipande vipande, kikaisha.

"Mastura," akasema polepole. "Hii miguu ni ya nani?"

Mastura akaitupia jicho simu yake iliyokuwa mezani.

Hapa, msomaji, inafaa tukumbushane jambo ambalo Bi Zuwena hakulijua. Mastura ameposwa. Mchumba ni Issa, mtu wa Dar es Salaam, wa ukoo unaochunguza watu kabla ya kuoana nao. Siku ya posa Mastura aliogopa wakwe wakiuona mguu ule watauliza kama ni ugonjwa wa ukoo. Basi posa haikuja Mitwero. Ilipokewa Temeke, huko huko Dar es Salaam, na penye kiti cha mama akakalishwa Maimuna, mdogo wake Bi Zuwena, mwenye miguu mizima na maneno matamu. Mama mdogo naye ni mama, Mastura alijiambia, na akalirudia neno hilo usiku kucha mpaka likamtosha.

Bi Zuwena aliambiwa wakwe bado wanajipanga. Akawa anangoja.

Na alasiri hii Issa alikuwa ameandika kwenye simu: "Nimekaa na mama hapa nyumbani, tunakutazama wewe na kazi yako." Kila neno lililopita kwenye kipaza sauti cha Mitwero lilikuwa likiingia sebuleni kwao. Ndiyo maana akamwita Bi Kocha.

"Lindi, tutawaruka!" akasema Veronika.

Lakini kabla Mastura hajajibu, mzee Sipriani alikuwa ameshavuka chaki ya uwanja. Akaenda moja kwa moja hadi kwenye jenereta, akakunja kanzu—maana Mkristo huyu wa Nyangamara hupenda kanzu kuliko mashehe—akaketi chini na kuweka kiganja chake juu ya swichi.

"Mpira hautoki hapa," akatangaza. "Narudia: hautoki! Mpaka mguu wa mtani wangu urudishwe!"

Uwanja ukalipuka.

"Mzee, tafadhali ondoka hapo," Mastura akasihi. "Shikamoo, mzee wangu. Nakuomba."

"Marahaba. Siondoki. Wewe binti unajua mimi nimeishi mji huu kwa kazi gani? Kazi yangu ni kuutania mguu ule! Asubuhi nikiamka nauliza, 'Zuwena, leo gunia lako la korosho umeliamsha salama?' Yeye anatukana, mimi nacheka, siku inakwenda. Leo mmeniibia mtaji. Nitatania nini? Vijiti hivyo?"

Bi Zuwena, akiwa bado ndani ya miwani, akageuza uso kuelekea sauti ilikotoka.

"Nyamaza wewe Mmwera mchimba mizizi ya ming'oko!"

"Naam! Huyo sasa ndiye Zuwena! Sauti ni yake, jamani. Tunadai mguu tu!"

Utani kati ya ukoo wa Sipriani na ukoo wa Zuwena uliachwa na mababu. Kila aliyezaliwa kusini anafahamu haki ya mtani: husema msibani yale ambayo ndugu hathubutu, na anaweza kulizuia jeneza mlangoni mpaka aridhishwe. Hakasirikiwi. Anayemkasirikia mtani ndiye huonekana amekosa malezi.

"Lindi," Veronika akauliza, "huyo mzee aliyekaa kwenye umeme ni nani? Mwondoeni."

"Haondoleki."

"Haondoleki kwa nini?"

"Ni mtani."

Veronika alikuwa Mngoni, wa kabila linaloijua vyema haki ya mtani.

"Loo," akasema. "Basi mpeni anachotaka. Nitawaomba Maputo waushike mpira kidogo, nitasema mna hitilafu. Lakini fanyeni haraka!"

Mastura akatoa noti mkobani, kama ifanywavyo msibani, akamnyooshea Sipriani. Mzee akaitazama noti, akamtazama binti, na uso wake ukaacha kucheza.

"Hiyo kawanunulie watoto soda," akasema kwa sauti ya chini. "Mimi siuzi mguu wa mtu."

Bi Zuwena akaivua miwani.

Akapepesa macho kwa mwanga wa jua, kisha akageuka kuitazama skrini. Yule mwanamke mwenye miguu myembamba alikuwa amesimama pale, amemgeukia. Wakatazamana.

"Mzuri," akasema Bi Zuwena. "Ningekuwa na miguu hiyo, mpaka leo ningekuwa nafunga magoli." Akaigeukia meza ya mitambo. "Nani amemtengeneza?"

"Mimi," Mastura akanong'ona.

"Kwa nini?"

"Nilikusitiri, Bi... Nilikusitiri. Dini yetu inatufundisha kusitiriana."

"Ulinisitiri na nani?"

"Na watu."

"Watu gani, mwanangu? Hawa?" Bi Zuwena akanyoosha mkono kuuelekea umati. "Hawa ndio walionitekea maji ya kuuosha mguu huu siku nilizolala kwa homa. Binti zao nimewafundisha nikiwa na mguu huu. Juzi waliponyoosha mikono kunichagua, nilikuwa nimesimama mbele yao na mguu huu. Hawa unawaficha nini?"

"Basi dunia."

"Dunia hainijui. Imeanza kunicheka leo, uliponipa miguu ya chura."

Hakuipandisha sauti. Angeipandisha, Mastura angepata pa kujikinga. Aliyasema maneno hayo kama anayemweleza mchezaji mahali alipokosea, na Mastura akahisi joto likimpanda shingoni, likamfika masikioni, likabaki hapo.

"Mtu husitiri aibu ya mwenzake," akaendelea mama. "Mimi mguu huu sijawahi kuuita aibu. Ni ugonjwa, nimeletewa na mbu na Mungu ameridhia. Kumbe nyumbani mwangu kulikuwa na mtu anayeuita hivyo, na mimi nampikia."

"Nisamehe."

"Sijafika huko. Kipaza sauti hicho hapo. Waambie uliyoyafanya. Na uwaambie mimi ni nani wako. Tangu alasiri unaniita Bi Kocha. Nikadhani ndiyo adabu ya kazi. Sasa sijui tena."

Mastura akakitazama kipaza sauti.

Akiitamka kweli, Issa na mama yake wataisikia, na posa ya Temeke itaanguka pale pale. Asipoitamka, mama yake atatembea kutoka uwanjani, mbele ya wote waliomchagua, akiwa mtu aliyechekwa kwa miguu ambayo hakuiomba. Njia ya tatu aliitafuta. Alikuwa hodari wa kutafuta njia za tatu.

"Maputo hawawezi kungoja zaidi," Veronika akasema masikioni mwake, safari hii kwa upole. "Dada, vyovyote iwavyo, amua."

Mastura akakishika kipaza sauti. Alikivuta karibu mno hata kikagonga meno yake, na mgongano ule ukasikika nchi zote.

"Naitwa Mastura. Niko Mitwero, Lindi." Akavuta pumzi. "Picha mliyoiona si ya kweli. Nimeibadili mimi. Mguu wake wa kulia una matende. Niliuficha kwa sababu niliuonea haya. Yeye hakujua lolote, na kile mlichokicheka ni kazi yangu."

Angeweza kuishia hapo. Bi Zuwena alikuwa akimngoja.

"Huyu ni mama yangu," akasema Mastura.

Na kwa kuwa alijijua, akijua kwamba kesho angelitafutia neno hilo mlango wa kutokea, akauziba mwenyewe:

"Mama aliyenizaa."

Hakuna aliyepiga makofi. Wakalimani wa mtambo wakayageuza maneno yake katika lugha za watu ambao hatawaona maishani, na huko nako, kwenye uwanja pepe, nyuso zikamgeukia. Mastura alitamani mtu amzomee. Kuzomewa kungekuwa nafuu.

"Mguu!" Sipriani akakumbusha.

Mastura akairudia kompyuta. Picha ya kweli, ile aliyompiga mama yake pande zote wiki iliyopita, ilikuwa bado imo. Hakuwa na moyo wa kuifuta. Akaibofya. Mwanamke mwembamba akatoweka kwenye skrini, na mahali pake akasimama Zuwena mzima, pamoja na mshono wake uliofumuliwa.

"Bado bangili," akasema Bi Zuwena.

"Haienei, mama."

"Haienei ukiivuta kwa kamba yake. Ifunge kwa kitambaa."

Mastura akauvua mtandio wake, akaupasua kwa meno, akapiga magoti kwenye mchanga wa Mitwero. Alipokuwa mdogo alikuwa akiuosha mguu ule kila jioni, kwa maji na sabuni, akiupangusa kila mkunjo kama walivyoelekezwa na mganga wa zahanati. Alipoingia sekondari aliacha. Hakuna aliyemwuliza sababu. Mama aliendelea kuuosha mwenyewe.

Sasa akaushika. Ngozi ilikuwa nene na yenye mikunjo, na ilikuwa safi. Ilinukia sabuni.

"Kaza," mama akasema kutoka juu. "Unaogopa nini? Hauvunjiki."

Akakaza. Machozi yakamdondoka, na hakuwa na mkono wa bure wa kuyafuta mbele ya watu wote wale.

"Lindi iko tayari," akasema kwenye kipaza sauti.

Sipriani akaondoa kiganja kwenye swichi. "Mtani ameridhia! Endeleeni na ujinga wenu."

Bi Zuwena akaivaa miwani. Akapiga hatua, na kwenye skrini mguu wa kushoto ukatangulia, wa kulia ukafuata, mzito, ukiburuta kidogo, kila mmoja kwa zamu yake. Kijana wa Maputo, aliyekuwa ameushikilia mpira wa nuru mikononi kama mtu aliyepewa mtoto mchanga, akaurusha.

Ulikuja juu mno. Mitwero ikazuia pumzi kwa pamoja.

Bi Zuwena akauchomeka mguu wa kulia ardhini kama nguzo, akazunguka juu yake kwa wa kushoto, nusu mzunguko, sawasawa na alivyowafundisha mabinti wote wa mji ule, akaudaka kwa ncha za vidole. Hakuushikilia. Mzunguko ule ule ukamfikisha alikotaka, akausukuma kwa viganja viwili kumwelekea mwanamke wa Kochi, huko India, aliyekuwa amenyoosha mikono akingoja.

Mpira ukafika.

Kelele zilizopigwa Mitwero zilisikika mpaka barabara kuu. Mabinti wa timu wakaingia uwanjani wakikimbia. Sipriani akawa anamwambia kila aliyemkaribia, "Mmeona gunia la korosho lilivyozunguka? Mmeliona?" Na kwenye ramani ya dunia, jina la Lindi likawaka.

Mastura alibaki magotini. Alingoja mama yake ageuke amtazame. Mama alivuliwa miwani na mabinti, akakumbatiwa, akacheka nao, akaletewa kiti pembeni ya meza ya mitambo. Akaketi. Akainama kuifungua bangili mwenyewe. Hakugeuka.

Hapo mezani, simu ya Mastura ikalia.

Bi Zuwena ndiye aliyekuwa karibu. Akaitupia jicho, na jina lililoandikwa pale likauangaza uso wake wote. Mama Issa.

"Wakwe!" akasema, kwa furaha ya mtu aliyengoja mno. "Wametuona! Mastura, wakwe zako wanapiga."

"Mama, usipokee. Nipe mimi. Mama!"

"Simu ya mkwe haiachwi ikilia tu, mwanangu. Una haya ya mguu, usiwe na kasoro ya adabu pia." Akaiweka sikioni. "Waalaikumu salaam, bibi yangu. Ndiyo. Mimi ndiye. Ndiyo, mama yake Mastura. Alhamdulillahi, tumeshukuru. Karibuni sana Mitwero, nyumba yetu ni ndogo lakini ya kwenu. Tunawangoja mlete hiyo posa kwa raha zenu..."

Akakatizwa. Akasikiliza.

Mastura akainuka kutoka magotini, akaja mbio hadi mezani.

"Mmeshaleta?" akauliza Bi Zuwena. Tabasamu lilikuwa bado halijaondoka, lilikuwa limesahaulika tu usoni. "Mmeleta wapi, bibi?"

Akasikiliza tena, kwa muda mrefu zaidi.

"Hata mkaja?" Sauti yake sasa ilikuwa ndogo. Mkaja, msomaji, ni zawadi ya posa, heshima ya tumbo. Hapewi mtu ila mama aliyelibeba tumbo hilo na kumzaa bi harusi. "Mkaja nao mmeshautoa? Mlimkabidhi mkononi?"

Akaishusha simu, akaikandamiza kifuani ili wa upande wa pili asisikie. Sasa, kwa mara ya kwanza tangu mpira uondoke, akamtazama binti yake.

Mastura akafungua kinywa.

"Usiniambie wewe," akasema Bi Zuwena. "Wewe leo umesema ya kutosha, na hili hukulisema."

Akairudisha simu sikioni.

"Bibi yangu, niwie radhi. Hebu nieleze taratibu, maana nataka kuelewa. Huyo mama yake Mastura mliyempa mkaja wangu, yukoje? Anafanana na nani?"

Na sauti kutoka Dar es Salaam, bila haraka, ikaanza kumweleza.